Kuweka phpList kwenye seva yako: mwongozo kwa anayeanza

Wauza leso wa Barabara ya Biashara, waongoza watalii wa Mji wa Kale, makatibu wa madrasa, wenye nyumba za wageni Nyali na Shanzu hapa Mombasa: maswali yenu ni yaleyale. Nitawatumiaje wateja wangu jarida la barua pepe bila kulipa kampuni ya nje kwa dola kila mwezi? Mbona barua zangu zinaishia kwenye spamu, folda ya barua taka? Mbona programu inasema zimetumwa na hakuna hata mtu mmoja aliyepata?

Majibu yote nimeyaweka hapa. Programu tutakayotumia ni phpList. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Sijaichagua kwa uzuri wa sura, maana sura yake ni ya kizamani kidogo. Nimeichagua kwa sababu inakubali kukaa kwenye akaunti ya kawaida ya cPanel (kurasa za kusimamia seva ya kukodi), ile ambayo wengi wenu tayari mnailipia kwa M-Pesa kila mwaka kwa ajili ya tovuti ya duka. Kama una VPS yako (seva unayoitawala mwenyewe) na huogopi kuandika amri kwenye skrini nyeusi, basi tazama programu nyingine, listmonk. Ina kasi zaidi, ila inataka hifadhidata ya PostgreSQL na uhuru ambao akaunti za bei nafuu hazitoi.

Kuiweka programu yenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Kazi hasa ni kuifanya Gmail iiamini barua yako, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa hiyo usishangae hatua za mwanzo zikipita haraka na ile ya DNS, daftari la mtandao linalotunza rekodi za domeini yako, ikakaa.

Uwe na nini mkononi

- Domeini yako mwenyewe, iwe .co.ke, .or.ke au nyingine. Usijaribu kutuma jarida kwa jina la anwani ya @gmail.com kupitia seva isiyo ya Google. Itashukiwa tangu barua ya kwanza.
- Akaunti ya seva yenye cPanel, PHP (lugha iliyoandikiwa phpList), na hifadhidata ya MySQL au MariaDB.
- Kompyuta. Simu itakufaa kusoma mwongozo huu, lakini usiitumie kuhariri faili. Sababu utaiona hatua ya 4.
- Orodha ya watu waliokubali wenyewe kupokea barua zako.

Hilo la mwisho tulizungumze kabla hujagusa kitu. Kadi za biashara ulizokusanya kwenye maonyesho ya kilimo ya Mkomani si ruhusa. Anwani ulizonunua kwa mtu ndiyo kabisa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila idhini yake ni kujitafutia kesi. Hata tukiiweka sheria kando, mtu asiyekukumbuka atabofya kitufe cha kuripoti spamu, na malalamiko machache tu yanatosha kuliharibu jina la domeini yako.

Swali jingine huja kila mara: seva iwe wapi? Kwa barua pepe, popote. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinatua hapahapa Mombasa tangu 2009, na barua haijali ikichelewa nusu sekunde kutoka Frankfurt. Chagua kampuni inayojibu simu.

Ukishaipata, iulize kwa maandishi mambo matatu. Je, kwa saa moja naruhusiwa kutuma barua ngapi? Je, kazi za cron (amri zinazojiendesha kwa saa zilizopangwa) zinaruhusiwa? Je, kiendelezi cha IMAP cha PHP (kinachoiwezesha phpList kusoma kisanduku cha barua) kimewashwa? Jibu la swali la kwanza liandike mahali, tutalihitaji.

Kuiweka programu

1. Tengeneza domeini ndogo. Ndani ya cPanel fungua "Domains", unda `jarida.domeiniyako.co.ke`. Ngoja mpaka ipate cheti cha SSL. Mara nyingi huja chenyewe. Jaribu kuifungua kwa `https://` na uone kama kufuli inaonekana. Usiendelee bila kufuli, maana utaandika nenosiri kwenye ukurasa huo.

2. Tengeneza hifadhidata. Ingia "MySQL Databases" (kwenye cPanel mpya, "Manage My Databases"), unda hifadhidata, kisha unda mtumiaji na nenosiri refu. Halafu, na hapa ndipo watu huruka, teremka chini ya ukurasa umuunganishe mtumiaji huyo na hifadhidata hiyo na kumpa "All Privileges". cPanel hubandika jina la akaunti yako mbele ya kila jina, kwa hiyo ulichokiita `jarida` sasa kinaitwa kitu kama `akaunti_jarida`. Nakili jina zima.

3. Pakua phpList kutoka phplist.org, kisha pakia faili ya zip kama ilivyo kupitia "File Manager" na uifungulie hukohuko kwenye seva. Ukiifungua kwenye kompyuta na kupakia faili moja moja, bando lako litakwisha, na mtandao ukikatika katikati utabaki na programu nusu usijue kipi kimekosekana. Ndani ya zip kuna mambo mengi; unachokitaka ni folda inayoitwa `lists`, iliyo ndani ya `public_html`. Hamishia hiyo tu kwenye folda ya domeini yako ndogo.

4. Hariri `lists/config/config.php` kwa kihariri cha cPanel. Tafuta mistari hii minne na uijaze:

```
$database_host = 'localhost';
$database_name = 'akaunti_jarida';
$database_user = 'akaunti_mtumaji';
$database_password = 'nenosiri-lako';
```

Alama za nukuu lazima ziwe zile zilizonyooka. Ukihariri kwa Word, au kwa simu ambayo kibodi yake inajifanya mjuaji, zitageuzwa kuwa nukuu zilizopinda na ukurasa utakuwa mweupe pe. Pia usifute nukta-mkato mwishoni mwa mstari.

Humo humo utaona `define('TEST', 1);`. Iache hivyo kwa sasa. Maana yake ni kwamba programu itajifanya inatuma lakini haitatuma. Ni kinga nzuri unapojifunza, na ndiyo chanzo cha lile swali la barua "zilizotumwa" zisizofika.

5. Fungua `https://jarida.domeiniyako.co.ke/lists/admin` kwenye kivinjari. phpList itakuambia hifadhidata ni tupu na kukupa kiungo cha kuianzisha. Bofya, jaza jina la shirika au duka, barua pepe yako na nenosiri la msimamizi. Baada ya hapo utaonyeshwa orodha ya mambo yaliyobaki kusanidiwa. Yapitie taratibu, hasa anwani ya msimamizi na jina litakaloonekana kama mtumaji.

Kuipa njia ya kutuma

6. Rudi cPanel, "Email Accounts", unda visanduku viwili: `jarida@` cha kutumia kutuma, na `zinazorudi@` cha kupokea barua zilizokataliwa. Kisha kwenye `config.php` tafuta mstari wa `PHPMAILERHOST`. Tayari upo, ubadilishe, usiandike wa pili. Mistari mingine ikiwa haipo, iongeze chini yake:

```
define('PHPMAILERHOST', 'mail.domeiniyako.co.ke');
define('PHPMAILERPORT', 465);
define('PHPMAILER_SECURE', 'ssl');
$phpmailer_smtpuser = 'jarida@domeiniyako.co.ke';
$phpmailer_smtppassword = 'nenosiri-la-kisanduku';
```

Kama uko kwenye VPS, usipoteze usiku kuhangaika na mlango (port) wa 25, ambao seva hupelekeana barua. Kampuni nyingi kubwa za seva huufunga kwa makusudi ili kuzuia spamu. Tumia 465 au 587 kupitia huduma ya kutuma barua.

7. Kwa barua zinazorudi, jaza `$message_envelope` kwa anwani ya `zinazorudi@`, kisha `$bounce_mailbox_host`, `$bounce_mailbox_user` na `$bounce_mailbox_password`. Onyo: kwa kawaida phpList hufuta barua kwenye kisanduku hiki ikishazisoma. Usiipe kabisa kisanduku cha `info@` ambacho wateja wanakuandikia.

DNS, penye kazi yenyewe

Gmail ni kama askari wa geti la bandari ya Kilindini: hajali mzigo wako ni mzuri kiasi gani, anataka makaratasi. Makaratasi yako ni matatu, nayo ni SPF (seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (sahihi ya kidijitali juu ya barua) na DMARC (barua isiyopita ukaguzi ifanywe nini), na yote huandikwa kama rekodi za TXT, yaani za maandishi, kwenye DNS ya domeini yako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza. Kila anayetuma awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe nazo zote tatu, pamoja na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Wewe pengine hutafika 5,000. Weka zote tatu hata hivyo.

8. Kwanza jua DNS yako inakaa wapi. Kama domeini ulinunua kwa kampuni moja na seva kwa nyingine, huenda rekodi unazozihariri ndani ya cPanel hazisomwi na mtu yeyote. Angalia nameserver za domeini (seva zinazotunza DNS yake) zinaelekea wapi, uhariri hukohuko.

9. Ndani ya cPanel fungua "Email Deliverability". Kama DNS iko kwenye seva hiyohiyo, bofya "Repair" na rekodi za SPF na DKIM zitajiandika. Kama iko kwingine, ukurasa huo utakuonyesha maneno ya kunakili. Zingatia haya:

SPF iwe moja tu kwa domeini. Kosa hili naliona kuliko yote: mtu ana rekodi ya zamani ya Google Workspace, anaongeza ya pili ya cPanel, na kuanzia hapo zote mbili hazihesabiki. Ziunganishe ziwe mstari mmoja, kwa mfano:

```
v=spf1 a mx include:_spf.google.com ~all
```

Na usirundike `include` (ruhusa kwa seva za wengine) bila hesabu. SPF inaruhusu kuulizia DNS mara 10 tu, ukizidi inakataliwa.

DKIM kwenye cPanel kwa kawaida huitwa `default._domainkey`. Ufunguo wake ni mrefu, na baadhi ya kurasa za DNS huukata mwisho bila kukuambia. Baada ya kuhifadhi, ufungue tena ulinganishe herufi za mwisho.

DMARC utaiandika mwenyewe. Jina la rekodi ni `_dmarc`, na yaliyomo:

```
v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@domeiniyako.co.ke
```

Anza na `p=none`, inayomaanisha "niletee ripoti tu, usizuie kitu". Wapo wanaokimbilia `p=reject` siku ya kwanza kwa sababu wamesoma kwamba ndiyo salama zaidi. Kisha ankara za duka zinazotumwa na programu nyingine kwa jina la domeini hiyohiyo zinatupwa, na mwenye duka anajua mteja anapopiga simu kuulizia.

10. Subiri. Mabadiliko ya DNS yanaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa. Kunywa kahawa tungu, usiibadilishe rekodi kila baada ya dakika tano.

11. Jipime. Kutoka kisanduku cha `jarida@`, tuma barua ya kawaida kwenda Gmail yako. Ifungue kwenye kompyuta, bofya nukta tatu, chagua "Show original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja pawe na neno PASS. Kama moja imeandikwa FAIL, usisonge mbele. Hakuna maandishi matamu wala picha nzuri itakayoifidia.

Orodha, kampeni na kutuma

12. Unda orodha kwenye "Subscribers", kisha ukurasa wa kujisajili. Maneno ya ukurasa huo na ya barua ya kuthibitisha yaandike kwa Kiswahili chako mwenyewe. Mteja wa Majengo au Likoni akiletewa barua ya Kiingereza cha mashine inayomtaka abofye kiungo, atadhani ni matapeli, na ana haki. Mwambie wewe ni nani, utamwandikia kila lini, na akichoka atatokaje. Usiondoe `[CONFIRMATIONURL]` kwenye barua ya kuthibitisha. Bila hiyo hakuna atakayeweza kuthibitisha.

13. Andika kampeni, yaani barua yenyewe utakayoituma kwa orodha. Hakikisha `[UNSUBSCRIBEURL]` iko chini ya kila barua. Usiifiche kwa maandishi ya kijivu kwenye mandharinyuma ya kijivu: asiyeona mlango wa kutokea hubofya spamu. Google wanataka malalamiko yawe chini ya asilimia 0.3, yaani katika barua 1,000, watu watatu tu wakikuripoti tayari umegusa mpaka. Barua iwe nyepesi pia. HTML ikizidi kilobaiti 102 Gmail huikata, na kiungo cha kujiondoa kilicho mwishoni hupotea na kipande kilichokatwa. Picha za leso zipunguze ukubwa kabla ya kuzipakia. Wasomaji wako wanafungua kwa bando lao.

14. Panga mwendo. Ile idadi uliyoambiwa na kampuni ya seva sasa ina kazi. Tuseme ni 200 kwa saa. Usitumie zote, maana barua zako za kawaida nazo zinahesabiwa. Ongeza kwenye `config.php`:

```
define('MAILQUEUE_BATCH_SIZE', 150);
define('MAILQUEUE_BATCH_PERIOD', 3600);
```

Kwa mwendo huo watu 1,500 watafikiwa kwa takriban saa 10. Kwa jarida la mwezi hakuna tatizo. Kwa tangazo la ofa ya leo tu, anza usiku wa kuamkia siku hiyo.

15. Weka cron, ili foleni itembee yenyewe bila wewe kuacha kivinjari wazi. Ndani ya "Cron Jobs" chagua kila dakika 10, na amri iwe hii, ukibadilisha njia ya folda iwe yako:

```
php -q /home/akaunti/jarida/lists/admin/index.php -c /home/akaunti/jarida/lists/config/config.php -pprocessqueue
```

Ongeza nyingine mara moja kwa siku yenye `-pprocessbounces` mwishoni badala ya `-pprocessqueue`. Ukiona zote zinafanya kazi, malizia kila amri kwa `> /dev/null 2>&1`, la sivyo cPanel itakujazia kisanduku kwa ripoti ya kila dakika 10.

16. Sasa badilisha `TEST` iwe 0. Tuma kampeni ya kwanza kwa orodha ndogo ya watu unaowajua: wewe, ndugu, wafanyakazi wenzako, wenye Gmail, Yahoo na Outlook. Ikifika vizuri, endelea na wateja wanaonunua mara kwa mara, kisha wengine kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Domeini ambayo haijawahi kutuma kitu, ikiamka siku moja na kumwaga barua 3,000, itachukuliwa kama mwizi.

Ikigoma

*Ukurasa mweupe au kosa la 500.* Karibu kila mara ni `config.php`: nukuu iliyopinda au nukta-mkato iliyopotea. Fungua faili ya `error_log` ndani ya folda ya `lists` au `lists/admin`. Itakutajia namba ya mstari.

*Haiwezi kuungana na hifadhidata.* Rudi hatua ya 2. Ama umesahau kiambishi cha akaunti, ama hukumuunganisha mtumiaji.

*Inasema imetuma, hakuna aliyepata.* Tazama `TEST` kwanza. Kama ni 0, angalia kama jina la mtumaji kwenye kampeni ni la domeini yako au umeacha Gmail yako binafsi.

*Kivinjari kinafanya kazi, cron haifanyi.* Mara nyingi PHP inayotumiwa na cron ni toleo tofauti na lile la tovuti. Uliza kampuni njia kamili ya PHP. Kwenye cPanel nyingi hufanana na `/opt/cpanel/ea-php82/root/usr/bin/php`. Iweke badala ya neno `php` mwanzoni mwa amri.

*Barua zinazorudi hazisomwi.* Kiendelezi cha IMAP hakipo. Kuanzia PHP 8.4 hakiji tena pamoja na PHP yenyewe, kwa hiyo kama umechagua toleo hilo kwa sababu tu ni jipya, shuka mpaka 8.3 au omba kiwekwe.

*Kampeni ilitoka saa isiyo yake.* Seva nyingi hufuata UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Ukitaka barua itoke saa tatu asubuhi ya hapa, yaani 09:00, kwenye seva ya UTC andika 06:00. Na ukiandika 03:00 kwa mazoea ya saa zetu, barua itatoka saa kumi na mbili asubuhi.

*PASS zote tatu zipo, na bado ni spamu.* Hapo DNS imeshamaliza kazi yake. Angalia orodha: waliokaa muda mrefu bila kufungua barua, anwani zilizokosewa, watu walioingizwa na mtu mwingine. Ondoa, punguza mwendo, tuma kwa wanaosoma tu kwa muda, na waombe wakujibu hata kwa neno moja. Majibu ya wasomaji ni ishara nzuri kwa Gmail.

Kabla ya kupandisha phpList toleo jipya, chukua nakala ya akiba ya hifadhidata kupitia phpMyAdmin iliyo ndani ya cPanel na ya folda ya `config`, uzihifadhi nje ya seva hiyo. Ukishapandisha, ingia kwenye kurasa za msimamizi. Kama hifadhidata nayo inahitaji kupandishwa utaonyeshwa kiungo, na usitume kampeni yoyote kabla ya kukibofya.